TELEVISHENI BILA KULIPA KILA MWEZI

Siku hizi umeme wa jua umefika hata kwenye nyumba za udongo. Mtu akiuza pamba au mahindi yake, ananunua televisheni. Baada ya mwezi mmoja picha inakatika. Anaambiwa kifurushi kimekwisha, lipa tena. Basi fedha ya madaftari ya watoto inakwenda huko.

Je, ni lazima kulipa? Hapana. Zipo stesheni zinazotangazwa bure, kama TBC1. Kuzitazama bila kulipa si wizi.

Tuone kwanza picha inafikaje nyumbani. Mitambo iliyo kwenye mnara hurusha mawimbi hewani. Antena huyanasa. Zamani hayo yalitosha: antena, waya na televisheni. Lakini mfumo huo wa zamani, yaani analojia, ulianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Sasa tunatumia mfumo wa dijitali. Ndiyo maana televisheni ya zamani ikiunganishwa na antena peke yake huonyesha chenga tu. Haijaharibika, usiitupe! Inahitaji king'amuzi cha kuyafasiri mawimbi hayo.

Televisheni nyingi mpya zina king'amuzi ndani yake. Hapa kisomo chako kina kazi. Kabla ya kulipa dukani, soma maandishi ya kwenye boksi. Tafuta DVB-T2. Ile namba 2 ni muhimu. Pasipo 2, huenda usipate kitu. Ukinunua king'amuzi peke yake, muulize mwenye duka: "Nisipolipia kifurushi, nitaona stesheni gani?" Mwambie akiwashe uone kwa macho yako. Usikubali maneno matupu.

Sasa antena. Hii ndiyo inayowasumbua wengi. Mawimbi ya mnara hayapendi vilima, wala hayapiti kwenye bati. Kwa hiyo antena ikae nje, juu ya paa, juu ya mlingoti imara. Ielekee kwenye mnara. Hujui mnara uko wapi? Tazama antena za majirani wanaopata picha nzuri zimeelekea wapi. Mtu mmoja aizungushe polepole, mwingine akae ndani akitazama kipimo cha mawimbi kwenye kioo. Izungushe kidogo, halafu ngoja. Dijitali haina haraka. Picha ikikatika vipande vipande, mawimbi ni hafifu: pandisha mlingoti, au kagua maungio ya waya kama yameingia maji.

Kama kijiji kiko mbali mno na mnara au nyuma ya mlima, antena haitasaidia. Hapo unahitaji ungo unaopokea kutoka setilaiti. Zipo stesheni za bure huko pia, hazihitaji kadi. Ungo wake mara nyingi ni mkubwa, wa futi 6 au zaidi, na kuutega ni kazi ya fundi. Wanakijiji wanaweza kuchanga wakauweka kwenye ofisi ya kijiji. Lakini fundi akikuletea kadi "iliyofunguliwa" ili uone stesheni za kulipia bila kulipa, mkatalie. Huo ni wizi, na ni kosa kisheria.

Mlingoti usiwe karibu na nyaya za umeme. Ukiangukia huko, unaua. Na wingu la mvua likianza kutanda, chomoa waya wa antena na wa umeme kabla ya radi.