Daktari Ametibu, Nani Ataponya?

Je, msomaji, mtu wa nyumbani mwako akizidiwa usiku wa leo utakimbilia wapi kwanza: kwa daktari au kwa mchungaji? Usijibu haraka. Wengi wetu tunaoishi mjini hujibu "kwa daktari" tukiwa mbele za watu. Lakini ugonjwa ukishapita miezi mitatu na risiti za dawa zikajaa kabatini, utatukuta kwenye mkesha wa maombi tukiwa na picha ya mgonjwa ndani ya mkoba.

Mundika, mwendo mfupi kutoka mji wa Busia ukishika barabara ya Kisumu, swali hilo halina ugeni. Hii ni nchi ya Wakhayo, na watu wa huku husali. Wapo Wakatoliki, ambao parokia yao iko chini ya Jimbo la Bungoma lililoundwa mwaka 1987. Wapo Waanglikana, Wapentekoste, na wale wa makanisa ya Roho wenye kanzu na ngoma. Mgonjwa wa hapa anaweza kupelekwa hospitali ya Busia au akavushwa mpaka kwenda Uganda kwa mhubiri anayesifiwa, na safari zote mbili atazifanya kwa boda boda. Usafiri huo, kama hukujua, ulizaliwa papa hapa mpakani, baiskeli zilipokuwa zikibeba watu kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nyingine.

Lakini ili uelewe maana ya kumponya mtu mzima, mwili na roho, rudi Busia mjini kisha ushike barabara ya Malaba. Muda si muda utafika Alupe.

Siku hizi kijana akilisikia jina hilo hukumbuka Chuo Kikuu cha Alupe, kilichopata hadhi kamili mwaka 2022. Wazee hukumbuka jambo jingine. Kwa miaka mingi Alupe ilijulikana kwa hospitali ya ukoma, na taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, ikaweka hapo kituo cha kuchunguza ugonjwa huo na mengine ya ngozi.

Ukoma hauletwi na laana wala kuvunja mwiko. Huletwa na kijidudu alichokigundua daktari wa Norway, Gerhard Armauer Hansen, mwaka 1873. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wagonjwa wapewe mchanganyiko wa dawa, na tangu mwaka 1995 dawa hizo hutolewa bure. Mwenye mabaka machache huzimeza kwa miezi 6, mwenye mengi kwa miezi 12. Siku chache tu baada ya kuanza dawa, mgonjwa hawezi tena kumwambukiza mtu.

Sasa fikiria, msomaji. Daktari amemaliza kazi yake na kijidudu kimekufa. Mtu anarudi nyumbani akiwa na ganzi mikononi, na vidole vilivyopotea havirudi. Anakuta ametengewa kikombe chake peke yake. Watoto wa jirani wanaitwa ndani. Kanisani akikaa, benchi zima linahama polepole kama kwamba watu wamekumbuka shughuli nyingine. Je, huyu amepona?

Kiswahili chetu kilikwisha kuliona jambo hili, ndiyo maana kuna kutibu na kuna kuponya. Hospitali ya Tenwek kule Bomet, iliyoanzishwa na wamisheni mwaka 1937, imeifanya tofauti hiyo kuwa wito wake: wao wanatibu, Yesu huponya. Wengine husikia maneno hayo wakadhani daktari anajishusha. Mimi naona anasema kweli tupu juu ya mahali ambapo sindano yake haifiki.

Hebu ufungue Injili ya Marko sura ya 1 usome habari za mwenye ukoma. Yesu alinyosha mkono akamgusa mtu ambaye desturi ilikataza asiguswe, ndipo akamtakasa. Halafu akamtuma kwa kuhani. Kwa nini kwa kuhani, ilhali ngozi ilikwisha kuwa safi? Kwa sababu kuhani ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kutangaza kwamba mtu huyu sasa arudi kwa watu wake. Pasipo tamko hilo, ngozi safi isingemfaa kitu.

Mwaka 1964 madaktari na wanatheolojia walikutana Tübingen, Ujerumani, wakaulizana kazi ya hospitali za misheni ni nini hasa. Jibu lao liliwashtua wengi: uponyaji si kazi ya daktari Mkristo peke yake, ni kazi ya usharika mzima. Huku kwetu maaskofu wa Kikatoliki wa Afrika Mashariki walisisitiza mwaka 1976 jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, zile za nyumba kwa nyumba. Ukitaka kuona maombi ya uponyaji yasiyo na kipaza sauti, wafuate akina mama wa jumuiya wanapokwenda kumwona mgonjwa. Wanasali rozari, ndiyo, lakini mmoja amekuja na sukari, mwingine anafua shuka.

Mafuta si ya maiti

Liko jambo moja ambalo bado linawachanganya waumini. Padri akionekana anaingia nyumbani na mafuta matakatifu, majirani huanza kulia. Zamani iliitwa mpako wa mwisho, na kweli ilingojewa hadi mtu anakata roho. Papa Paulo wa Sita alibadilisha utaratibu huo mwaka 1972, na sasa ni mpako wa wagonjwa: anaupokea hata anayekwenda kupasuliwa, hata mzee aliyechoka, na anaweza kuupokea tena. Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unawataka wagonjwa wawaite wazee wa kanisa wawapake mafuta na kuwaombea. Haumkatazi mtu kumwita daktari.

Hapo ndipo penye hatari, nami sitaizunguka. Nina shangazi aliyekuwa na kifafa. Alikuwa akimeza vidonge na anguko lilikuwa limekwisha kuwa la nadra. Mhubiri mmoja akamwekea mikono, akamwambia kuendelea na dawa ni kukosa imani. Akaacha. Dawa ya kifafa ikikatizwa ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na wiki ya tatu aliangukia jikoni, motoni. Mhubiri alikuwa amekwisha kuhamia mji mwingine. Waliomwosha kidonda kila asubuhi kwa miezi miwili, wakiimba kwa sauti ya chini ili asijisikie kulia, ni wanawake wa kanisa lake mwenyewe.

Mwaka 2011 tuliona maelfu wakielekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500 za Tanzania. Wengine walitoka Kenya. Siwacheki, aliyewahi kukaa na maumivu mwaka mzima hamcheki mtu. Lakini kulikuwa na walioacha dawa za Ukimwi na za kisukari baada ya kikombe, na hao mwili uliwadai.

Basi ukialikwa kumwombea mgonjwa, kwanza kaa chini. Muulize anaitaka sala gani, kwani huenda wewe unaomba mguu ilhali yeye usiku analilia mtoto ambaye hajampigia simu tangu Pasaka. Mshike mkono, hasa ikiwa wengine wanaogopa kumshika. Omba kwa maneno machache. Kisha mwulize kama amemeza vidonge vya jioni, na tarehe ya kurudi kliniki ni lini, na nani atamsindikiza.

Shangazi bado anameza vyake. Husali kwanza, kisha hutuma mtoto alete maji.