Intaneti ikikata Mwanza, kazi ya developa isikwame

Mei 12, 2024 intaneti ilidorora Tanzania nzima. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu upande wa Afrika Kusini. Mwanza ina ziwa, haina bahari, lakini nayo inategemea nyaya hizohizo.

Kwa wengi siku ile ilikuwa WhatsApp kugoma. Kwa watengeneza programu, madevelopa, ni kazi kusimama, maana vifaa vyao vingi vimebuniwa na watu wasiohesabu bando.

Chukua kijana wa Nyakato anayetengeneza app ya kuandika mauzo ya dagaa soko la Mwaloni, Kirumba. Kila anapoanza mradi, kompyuta inashusha mtandaoni mafurushi ya msimbo ulioandikwa na wengine. Bando linakata hata kazi haijaanza.

Vipo vifaa vilivyofikiriwa vizuri. Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, inaweka historia yote ya kazi ndani ya kompyuta yenyewe. Mifumo ya zamani kama Subversion ilitaka seva kila unapohifadhi toleo jipya. Kwa Git unahifadhi hata mara ishirini ukiwa kwenye kivuko cha Ukerewe, halafu unatuma zote kwa mkupuo ukishuka Nansio.

Gradle, inayounda app za Android, nayo ina amri ya --offline: inatumia vile vilivyokwisha kushushwa. Shida ni kwamba lazima ujue ipo. Mtandao ukikosekana, kifaa kilipaswa kuuliza tu, "Niendelee na vilivyopo?" Badala yake kinakumwagia maandishi mekundu, na anayejifunza anadhani kakosea yeye.

Simu ya mfano ndani ya Android Studio nayo inakula RAM kweli kweli; kompyuta ya GB 4 inahema. Nafuu ni kuchomeka simu halisi kwa waya, baada ya kuwasha "Utatuaji wa USB" kwenye mipangilio ya wasanidi programu. Tena hiyo ndiyo simu ya aina aliyonayo mteja wa Mwaloni, kioo chenye ufa na yote.

Na umeme je? VS Code inaweza kuhifadhi kazi yenyewe kila unapoandika, ila kwenye kompyuta sehemu hiyo huja imezimwa. Fungua menyu ya File, bonyeza Auto Save.