Majina ya Mwito: Namna Ndege Zinavyoitana Angani

Ukiita "Ally!" katika Mtaa wa Kongo, Kariakoo, siku moja kabla ya Sikukuu, watageuka wanaume kumi. Ndiyo maana wapagazi na wachuuzi wa pale hawatosheki na jina ambalo mtu alipewa siku ya akika, bali humbandika jingine la kwake peke yake. Katika zahama ya soko, jina lifaalo ni lile lisilofanana na la jirani.

Juu ya vichwa vya watu hao hupita ndege zinazoshuka kuelekea Uwanja wa Julius Nyerere, na huko juu hali ni hiyo hiyo. Marubani wote walio katika eneo moja husema na mwongozaji kwa masafa mamoja ya redio, kwa zamu, bila kuonana nyuso. Kwa hiyo mashirika ya ndege huwa na jina la mwito, lililoandikishwa katika Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, nalo hutamkwa kabla ya nambari ya safari. Si lazima lilingane na jina lililochorwa ubavuni mwa ndege, na hapo ndipo vichekesho vinapoanzia.

Air Tanzania redioni huitwa "Tanzania" tu. Kichekesho chake kimo katika herufi tatu ilizoandikishwa nazo, ATC, ambazo ulimwengu mzima wa anga huzitumia kwa maana ya huduma ya kuongoza ndege. Mtu akisoma karatasi za safari kwa haraka, atadhani mnara wenyewe umeng'oka na kuruka!

Jirani zetu wa Uganda hujiita "Crested", yaani mwenye kishungi, kwa heshima ya yule korongo aliye katika bendera yao. Waafrika Kusini ni "Springbok", swala wao wa nyikani. China Airlines ya Taiwan hujiita "Dynasty", nasaba ya wafalme. Kongwe kuliko hayo ni "Speedbird", ndege wa kasi, jina la British Airways. Lilitokana na nembo iliyochorwa mwaka 1932 kwa ajili ya Imperial Airways, kampuni ambayo tangu mwaka 1937 ndege zake za majini zilifuata pwani yetu na kutua katika bandari ya Dar es Salaam, zikiwa safarini kwenda Durban.

Ndege isiyo na jina la kampuni hutaja herufi za usajili wake, na zetu zote huanza na 5H. Kila herufi ina neno lake, na H ni "Hotel". Dreamliner yetu ya kwanza, iliyowasili Julai 2018, imesajiliwa 5H-TCG, na anayeisoma herufi kwa herufi atataja hoteli, dansi la tango na mchezo wa gofu katika pumzi moja. Herufi W nayo ni "Whiskey", na rubani aliyefunga Ramadhani hana budi kuitamka kama wenzake, kwani alfabeti hiyo imekuwa ya dunia nzima tangu mwaka 1956. Kutamka si kunywa.

Lakini mzaha huu una chimbuko zito. Katika miaka ya 1950 ndege iliyombeba Rais Eisenhower wa Marekani ilijikuta katika anga moja na ndege ya abiria ya Eastern, na zote mbili zilikuwa na nambari 8610. Ajali haikutokea, ila mkanganyiko ule ndio uliozaa jina "Air Force One".

Tenerife hawakuwa na bahati hiyo. Tarehe 27 Machi 1977, katika ukungu mzito, ndege ya KLM ilianza mbio za kuruka bila ruhusa, ilhali ndege ya Pan Am ingali juu ya njia ile ile. Mwongozaji na rubani wa Pan Am walisema kwa wakati mmoja, sauti zao zikagongana redioni. Kisha mwongozaji akaiita tena ndege ya Pan Am, na safari hii hakusema "Clipper", jina lake la mwito, bali alisema "Papa Alpha". Ndani ya KLM mhandisi aliuliza kama yule wa Pan American bado hajatoka njiani; rubani mkuu akajibu kwa uhakika kwamba ameshatoka. Watu 583 wakafariki dunia. Hakuna awezaye kusema kwamba "Clipper" moja ingeliwaokoa, na kosa kubwa lilikuwa kuruka bila ruhusa. Hata hivyo, ni vigumu kuisoma habari hiyo bila kusimama kwenye maneno yale mawili.

Ndiyo maana hadi leo rubani hurudia kila agizo pamoja na jina lake. Tano hutamkwa "faifu" na tisa "naina", zisije zikasikika kama nambari nyingine. Zikikutana ndege mbili zenye majina yanayokaribiana, mwongozaji ana mamlaka ya kuiamuru mojawapo ibadili jina kwa muda, mpaka zitakapoachana. Abiria aliyekaa dirishani, akitazama mabati ya Kariakoo yakipungua chini yake, hatajua kamwe kwamba ndege yake imepewa jina jingine njiani.