Moyo Ukisimama Kitisuru

Moyo ukisimama, ubongo huanza kuumia ndani ya dakika 4 hadi 6. Kutoka Kitisuru, Nairobi, hadi Hospitali ya Aga Khan kule Parklands si mbali, ila jioni ya siku ya kazi, kwa foleni ya Lower Kabete na Westlands, ambulensi haifiki kwa dakika hizo. Kwa hiyo swali ambalo jamaa humuuliza daktari mlangoni mwa chumba cha wagonjwa mahututi, “Ataamka?”, huwa limeshajibiwa nusu nyumbani, na mke, mtoto au bawabu aliyejua kukandamiza kifua. Au asiyejua.

Moyo kusimama si sawa na mshtuko wa moyo: mshtuko ni kuziba kwa mshipa unaoulisha moyo, na wengi huwa macho wakilalamika maumivu. Koma, yaani kupoteza fahamu kabisa, huja pale mshtuko unapousimamisha moyo na damu ikaacha kufika kichwani.

Mwanasoka Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka uwanjani White Hart Lane, London, tarehe 17 Machi 2012, akiichezea Bolton. Moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78. Andrew Deaner, daktari wa moyo aliyekuja kama shabiki tu, aliteremka kutoka jukwaani kusaidia. Mashine ya umeme ikatumika mara 15. Muamba alipoamka hospitalini na kuulizwa jina, alilitaja. Magazeti yakaandika muujiza. Haki zaidi ingekuwa kuisifu mikono iliyokandamiza kifua bila kukoma, ikisukuma damu kidogo ubongoni.

Wodini, mgonjwa hupumulishwa na mashine, hupewa dawa za usingizi na homa huzuiwa. Baada ya tafiti za 2002 wengi walipozwa hadi nyuzi 33 hivi. Utafiti wa 2021 wa wagonjwa 1,900 haukuona faida ya baridi hiyo kuliko kuzuia homa tu. Kwa vyovyote, takriban nusu walikuwa hai baada ya miezi 6.

Miongozo ya Ulaya inataka daktari asubiri angalau saa 72 kabla ya kutabiri, maana dawa za usingizi humfanya hata mwenye ubongo mzima aonekane gogo. Ndipo humulika mboni kwa tochi, hugusa jicho kwa pamba aone kama litapepesa, hupima umeme wa ubongo. Dalili moja mbaya haitoshi. Zikikubaliana kadhaa, matumaini huwa finyu. Bili ya kitanda hicho huhesabiwa kwa siku, na familia huanza kunong'ona mapema. Lakini mashine ikizimwa siku ya pili kwa sababu tu mgonjwa hajaamka, utabiri hujitimiza wenyewe.

Wengine hufumbua macho baada ya wiki nzima. Mara nyingi huamka wakiwa na uchovu na kumbukumbu yenye matundu: shule ya msingi wanaikumbuka, chai ya asubuhi wameisahau. Mazoezi ya viungo na ya akili huanzia hapo, nayo huchukua miezi.