Kwa Nini Tunaomba Diski Mbili Kabla ya Kufuta Seva

Baadhi yenu mmeuliza kwa nini bajeti ya robo hii ina diski mbili za nje na kompyuta ya ziada, ilhali Linux yenyewe hutolewa bure. Swali ni la haki.

Seva ya ofisi inatumia CentOS 7, aina ya Linux iliyotoka mwaka 2014. Marekebisho yake ya usalama yalikoma tarehe 30 Juni 2024. Mtambo bado unafanya kazi, lakini tundu jipya likigunduliwa hakuna wa kuliziba. Tumeamua kuweka Debian, na hiyo maana yake ni kufuta diski yote ya seva na kuanza upya. Humo mna orodha ya watoto wanaolipiwa ada, michango ya miradi ya maji na taarifa zote zinazotumwa kwa wafadhili.

Wengi hudhani kunakili ni kuhamishia mafaili kwenye flashi tu. Flashi nyingi zimeandaliwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofikia GB 4, wala hautunzi kumbukumbu ya nani anaruhusiwa kusoma faili gani. Kwa hiyo mafaili hufungwa pamoja kwa programu ya tar, kwenye diski iliyoandaliwa kwa ajili ya Linux. Hifadhidata ni jambo jingine. Mhasibu akiwa anaingiza risiti wakati mafaili yake yananakiliwa, nakala hutoka nusu ya zamani nusu mpya, na huenda isifunguke kamwe. Hiyo hutolewa kwa programu ya mysqldump, tena jioni watu wakishatoka.

Hapo ndipo kompyuta ya ziada inapohitajika. Tuliwahi kutunza kwa miezi mitatu faili la hifadhidata lenye jina sahihi na tarehe sahihi. Tulipolifungua lilikuwa tupu: nywila ilikuwa imebadilishwa, programu ikashindwa kuingia, na hakuna aliyeangalia. Tangu hapo nakala hurudishwa kwanza kwenye kompyuta nyingine yenye Debian, na mhasibu mwenyewe hulinganisha salio la kila mradi na daftari la karatasi. Asiporidhika, seva haiguswi.

Diski ya pili hukaa jengo lingine, kwa kuhofia moto na wezi. Zote mbili hufungwa kwa nywila kwa sababu zina majina ya watoto. Siku ya kazi hakuna hata moja inayoachwa imechomekwa kwenye seva, maana mfumo mpya unapowekwa huuliza diski ipi ifutwe, na mtu aliyechoka huweza kuchagua isiyo yenyewe.

Kazi itafanyika kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumamosi usiku. Kamati zenye taarifa za robo zizilete kabla ya Alhamisi. Seva ikichelewa kurudi Jumatatu, risiti ziandikwe kwenye daftari kama zamani.