Bukhara, Mji Uliochomwa na Wamongoli

Kila Ijumaa, katika misikiti ya Shinyanga, Kahama na Geita, khatibu husikika akisema: "Ameipokea Imam Bukhari." Ni wazazi wangapi wawezao kuwaambia watoto wao kwamba maana ya jina hilo ni "mtu wa Bukhara"? Imam Muhammad bin Ismail alizaliwa katika mji huo, Uzbekistan ya leo, mwaka 810. Imam Tirmidhi naye ni mtu wa Tirmidh, nchi hiyo hiyo.

Mwaka 1220 majeshi ya Genghis Khan yaliiteka miji yote miwili, na Bukhara ikateketea kwa moto. Mwaka 1258 mjukuu wake, Hulagu, akaiangusha Baghdad na kumwua Khalifa al-Mustaasim.

Lakini, ndugu msomaji, Hulagu alikuwa na binamu, Berke, aliyekwisha kusilimu. Berke alighadhibika kwa damu ya Baghdad. Akashirikiana na Sultani Baybars wa Misri, na mwaka 1262 akampiga vita binamu yake. Mmongoli kwa Mmongoli!

Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kusimulia habari za dhahabu ya Sofala (watu wa Geita watapendezwa na hilo), baadaye alikaribishwa na Sultani Uzbek, Mwislamu wa ukoo wa Genghis. Alipoingia Bukhara alikuta misikiti, madrasa na masoko mengi yangali magofu, zaidi ya miaka 100 baada ya moto. Kitabu cha Imam, wakati huo, kilikuwa kikisomeshwa Misri, Sham na Andalusi.