Frikiki ya Dar, hewa ya Dodoma

DAFTARI langu lina mstari mmoja niliouandika kwa hasira kwenye mechi ya mchangani pale Chang'ombe, Dodoma. Unasema: "Mpigaji wao mguu umeisha." Nilikuwa namsema kijana wa timu ngeni kutoka Dar es Salaam. Alipiga frikiki tatu kutoka mita 25 hivi, na zote tatu zilipita juu ya ukuta vizuri kabisa, zikaanza kurudi golini, halafu zikaishia nje ya nguzo. Kila moja ilikosa kwa upana wa mpira mmoja au miwili. Kocha wake akamtoa, na akatoka analia.

Jioni kijiweni nikaurudia uchambuzi wangu kwa sauti. Jamaa mmoja anayesoma fizikia chuo kikuu akanikata: "Kaka, umempigia mahesabu ya hewa?" Watu wakacheka. Akatoa simu.

Ndani ya simu alikuwa na programu wanayotumia wapiga shabaha wa bunduki za upepo. Bunduki yenyewe hana, programu anayo. Unaiingizia uzito wa risasi, kasi inayotokea nayo mtutuni, umbali wa shabaha, joto na mgandamizo wa hewa, nayo inakuambia risasi itakuwa imeshuka kiasi gani ikifika.

Usidharau kirisasi hicho. Kina upana wa milimita 4.5 na uzito wa karibu nusu gramu, kimebanwa kiunoni na nyuma kimeachwa wazi. Kwa wepesi huo, hewa inakisumbua kama inavyousumbua mpira wa miguu. Kwenye Olimpiki hupigwa mita 10 tu, na alama ya pointi 10 ni nukta ya nusu milimita. Huko hewa haina muda wa kufanya fujo, lakini ukisogea mita 50 mambo yanabadilika.

Jamaa akaweka Dar, akaweka Dodoma, majibu yakatoka yaleyale. Nikamwambia basi, mjadala umefungwa. Kumbe tatizo lilikuwa kwenye namba aliyoingiza. Kote alikuwa ameandika mgandamizo wa 1,013, ule unaouona kwenye utabiri wa hali ya hewa. Namba hiyo huwa imesharekebishwa kana kwamba kila mji upo usawa wa bahari, ili mijji iweze kulinganishwa kwenye ramani moja. Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na mgandamizo halisi hapa unacheza karibu na 890. Kwa maneno mengine, programu ilidhani tumekaa Kariakoo.

Aliporekebisha, picha ikabadilika. Hewa ya Dodoma ni nyepesi kuliko ya Dar kwa takriban asilimia 12. Risasi inayotoka kwa mita 240 kwa sekunde, ikifika mita 50 hapa inagonga juu zaidi kwa karibu sentimita moja. Hiyo ni kama upana wa risasi mbili.

Mpira wa miguu programu haiujui, kwa hiyo tukaomba karatasi kwa muuza kahawa. Mpira una kipenyo cha sentimita 22 na uzito wa gramu 430 hivi. Ukipigwa kwa kuzungushwa, hewa ndiyo inayousukuma pembeni. Pasipo hewa, Roberto Carlos asingefunga lile bao dhidi ya Ufaransa pale Lyon, Juni 3, 1997, mita 35, Barthez kasimama kama mlingoti wa umeme. Hewa ikipungua, msukumo nao unapungua. Frikiki inayopinda mita tatu Dar, ikipigwa vilevile Dodoma inapinda mita 2.6 hivi. Zinapotea sentimita 40, yaani karibu upana wa mipira miwili.

Hapo nikanyamaza kidogo.

Msije mkasema kila anayekosa Jamhuri asingizie mwinuko. Hesabu hizi zina kasoro, na jamaa mwenyewe alikiri. Programu za risasi hutumia namba moja kueleza jinsi hewa inavyokizuia kirisasi, wakati namba hiyo hubadilika kasi inapopungua. Mpira ndiyo balaa zaidi. Mnaikumbuka Jabulani ya Kombe la Dunia 2010? Wataalamu wa NASA waliipima wakaona inaanza kuyumba bila mpangilio ikiwa na kasi ya kilomita 70 hadi 80 kwa saa. Mechi nyingine zilichezwa Johannesburg, zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na makipa walilalamika mpaka basi. Mpira wa mchangani, uliochubuka upande mmoja, hakuna programu itakayoukamata.

Ila sentimita 40 siyo za kupuuza. AFCON ya 2027 imepewa Tanzania, Kenya na Uganda. Dar ni baharini, Kampala iko mita 1,200 hivi, Nairobi karibu 1,700. Wapigaji wetu wanazungumziwa mapafu na pumzi tu. Sijasikia anayeuliza mguu nao unahitaji mazoezi mangapi ya kuzoea. Wapiga shabaha wakifika sehemu mpya, kwanza wanarekebisha darubini ya bunduki kwa kupiga pale pale. Yule kijana alishuka kwenye basi asubuhi, saa kumi jioni akapewa mpira.

Nimeufuta ule mstari.

Wakati tunakunja karatasi, mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza: "Na kipa wetu aliyefungwa kwa shuti la mbali, naye ni hewa?" Jamaa akapiga hesabu upya: shuti la kilomita 108 kwa saa, mita 25. Dodoma linafika mapema kwa sekunde mbili za mia.

Mzee akaweka kikombe chini. "Mwanangu, huyo kazaliwa hapahapa Chang'ombe. Alilala."